Mti wa komandi ukivunjika ziwani, fundi asijifiche nyuma ya maji

MINOVA (Kalehe) – Kuna maneno ambayo mafundi wengi kando ya Ziwa Kivu wanayatoa haraka kuliko bei yenyewe: "Kazi ya komandi haina garanti." Ukinunua redio dukani na ikanyamaza siku ya tatu, unairudisha, na muuzaji hata akinung'unika ataiangalia. Lakini ukienda kwa fundi, ukamwambia akutengenezee miti ya ekipe kwa kipimo chako, ukalipa, na mti ukavunjika wiki ya pili, utaambiwa kwamba ulichagua mwenyewe, kwamba ziwa lilikuwa na mawimbi, kwamba wavu ulikuwa mzito, kwamba vijana wako hawajui kazi. Kila mtu ana kosa isipokuwa yule aliyekata mti.

Maneno hayo si ya kweli, na wakati umefika wa kuyasema hivyo mbele ya watu. Yamekula pesa za wavuvi kwa miaka mingi. Sasa yanakula pesa za familia za wakimbizi wa ndani, ambazo zimeingia katika kazi ya sambaza kwa sababu hazina shamba wala ng'ombe tena.

Familia nyingi zilizoteremka kutoka milima ya Masisi hazikukua na maji, kwa hiyo ni vizuri kueleza kazi yenyewe. Sambaza si samaki wa asili wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo ndio wanaolisha fuko zote kuanzia Goma mpaka Bukavu. Wanavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti ya kukingama, kisha miti mingine mirefu, mirefu kupita mtumbwi wenyewe, inatokeza mbele na nyuma juu ya maji. Wavu unaning'inizwa kwenye miti hiyo na kushushwa chini. Taa zinawashwa, samaki wanakuja kwenye mwanga, na saa ikifika vijana wanavuta kamba kwa wimbo, wote pamoja. Hapo ndipo mti unapinda kama ndoana ya mtoto iliyonasa samaki mkubwa. Uzito wa wavu, wa maji na wa samaki wote unakaa juu yake kwa muda huo mfupi. Mti mzuri unapinda na kurudi. Mti mbaya unavunjika, na ukivunjika hauendi peke yake: unapasua wavu, unaangusha taa, unaweza kumpiga mtu. Na Kivu si bwawa. Pale katikati lina kina cha mita zaidi ya 450. Kilichozama humo hakitafutwi.

Sasa ichukuliwe habari moja ya ufuko, bila majina, kwa sababu watu wake bado wanaonana kila siku kisimani. Kikundi cha akiba cha wamama, nusu wakimbizi, nusu wenyeji wa pale, kilifikia siku ya kugawana. Badala ya kila mama kurudi na franka zake chache, walikubaliana kuziweka katika kazi moja. Mwenye mitumbwi alikuwepo, vijana wavuvi walikuwepo, kilichokosekana ni miti mipya na wavu wa kushona upya. Walienda kwa fundi. Wakampa nusu ya pesa kama avansi, na nusu siku ya kuchukua. Fundi ndiye aliyetafuta miti ya mikaratusi, ndiye aliyeikata, akaichonga, akaitoboa mahali pa kamba. Wamama hawakushika panga hata siku moja.

Usiku wa tisa mti mmoja wa mbele ulivunjika wakati wa kuvuta. Wavu ulichanika, sehemu yake ikazama pamoja na taa mbili. Kijana mmoja aliumia bega. Asubuhi wamama walipofika kwa fundi kumweleza, hakuinuka hata kwenye kiti chake. Komandi haina garanti, mama zangu. Ziwa ndilo linalojua.

Lakini mara hii kulikuwa na mzee mmoja mvuvi aliyewaambia vijana wasichome kile kipande. Kila mara mti ukivunjika, asubuhi unakuwa kuni, na ushahidi unakwenda na moshi. Kipande kile kilibaki, na kipande kinasema.

Mti mzima, uliokauka vizuri, ukizidiwa na mzigo huchanika kwa nyuzi ndefu. Unaona vipande vimetoka kama vidole, wakati mwingine urefu wa mkono mzima. Huo ni mti uliopigana kabla ya kushindwa, na hapo fundi anaweza kusema kwa haki kwamba wavu ulipita kiasi. Mti dhaifu hukatika kwa ufupi, karibu wima, kama karoti. Kile cha wamama kilikatika kama karoti. Tena kilikatika mahali palipochongwa mfuo wa kamba, na mfuo ule ulichongwa juu ya fundo la tawi, yaani pale pale ambapo mti tayari una udhaifu, panga likaongeza wa pili. Na ndani, siku kumi tangu ulipokabidhiwa, ulikuwa bado na ubichi, huku nje umeanza kupasuka kwa jua. Mikaratusi inakua haraka sana, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini ina tabia inayojulikana na kila mpasuaji mbao: ukiikata na kuiacha juani, inajipasua yenyewe kuanzia mwisho. Inataka kutolewa ganda, kuwekwa kivulini juu ya vijiti, kuachwa ikauke polepole. Hiyo ni kazi ya majuma, si ya siku nne.

Fundo, mfuo, ubichi: ni nani kati ya hayo matatu aliyeletwa na ziwa? Hakuna. Yote matatu yalikuwa ndani ya mti kabla haujagusa maji. Mama aliyekimbia kutoka Masisi na mtoto mgongoni hana namna ya kujua fundo liko wapi chini ya mti ulioparwa na kupakwa gudroni. Anayejua ni mmoja, na ndiye aliyepokea pesa.

Hapa mafundi wanaleta hoja yao kubwa, na haifai kuikwepa. Wanasema kitu cha dukani kimetengenezwa mara elfu kwa namna moja, kwa hiyo kiwanda kinajua kitadumu muda gani. Kitu cha komandi ni cha kwanza na cha mwisho: kipimo ni cha mnunuzi, matumizi ni ya mnunuzi. Fundi atawezaje kuahidi?

Hoja hiyo ina ukweli upande mmoja tu. Ikiwa mnunuzi amesema anataka mti mwembamba kwa sababu bei ni ndogo, na fundi akamwonya mbele ya mtu mwingine kwamba hautabeba, basi mnunuzi abebe mzigo wake. Ikiwa mnunuzi ameleta mti wake mwenyewe kutoka shambani na kusema "nichongee huu," fundi atajibu kwa mikono yake tu, hatajibu kwa ajili ya mti. Lakini mnunuzi aliyesema tu "nataka miti ya ekipe ya sambaza, urefu huu," huyo ameeleza kazi. Ameacha uchaguzi kwa fundi, na ndiyo sababu alikwenda kwa fundi badala ya kwenda msituni. Komandi haipunguzi wajibu wa fundi, inauongeza. Muuzaji wa dukani anaweza kusema hakujua ndani ya kisanduku kuna nini. Fundi hawezi: alikuwa ndani ya kisanduku.

Na hilo si maoni ya ufuko peke yake. Sheria ya Congo juu ya mapatano ni ya zamani kuliko mzee yeyote aliye hai: ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo wanasheria wanaiita kitabu cha 3 cha Code civil. Article yake ya 33 inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa njia ya haki ni sheria kwa wale waliopatana. Sheria hiyo inatofautisha fundi anayetoa kazi ya mikono tu na fundi anayetoa na vifaa pia. Anayetoa mikono tu anajibu kosa lake. Tena inasema muuzaji anawajibika kwa kasoro iliyofichika, ile inayokifanya kitu kisifae kwa kazi yake, hata kama yeye mwenyewe hakuijua, isipokuwa walipatana tangu mwanzo kwamba hatawajibika. Kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona kwa macho yake mwenyewe haimo. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa pesa, au kukaa nacho na kurudishiwa sehemu. Na muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza analipa zaidi ya bei: analipa na hasara iliyofuata. Kwa neno la ufuko, analipa mti na wavu na taa. Lakini mnunuzi naye asikawie kudai. Anayelala miezi mitatu halafu anaamka na madai atakuta mlango umefungwa.

Basi "komandi haina garanti" inaweza kuwa mapatano, ikiwa ilisemwa kabla ya pesa kutoka mkononi na mnunuzi akakubali. Ikisemwa baada ya mti kuvunjika si mapatano. Ni kisingizio.

Kuna watakaocheka: sheria ya 1888, na tribinali iko wapi leo? Sehemu nyingi vita vimefunga milango ya tribinali, na hata pale ilipo wazi, gharama ya kwenda na kurudi inaweza kupita bei ya mti wenyewe. Kweli. Lakini mabishano ya namna hii hayajawahi kwisha tribinalini. Yanaisha kwa mzee wa ufuko, kwa chefu wa kijiji, kwenye komite ya wavuvi, chini ya mti. Na wazee hao wanahukumu kwa kile wanachoamini kuwa ni haki. Ikiwa wameamini kwa miaka kumi kwamba komandi haina garanti, watahukumu hivyo, na fundi mzembe atashinda kila mara bila kusema neno. Ndiyo maana maneno hayo yanatakiwa kuondolewa midomoni kwanza.

Haki inataka pia upande wa fundi usikilizwe, kwa sababu fundi naye si tajiri. Wengi wao ni wakimbizi vilevile. Mbao ngumu zilizokuwa zikishuka kutoka upande wa Walikale zimekuwa za shida kila barabara inapofungwa, na pale kila kizuizi kinataka chake. Mikaratusi mizuri inagombaniwa na wachoma makaa na wajenzi. Fundi anapokea avansi leo, kesho mteja anakuja kuuliza kwa nini mti haujaisha, keshokutwa anatishia kwenda kwa mwingine. Anakata mbichi, anachonga mbichi, anatoa mbichi, na anajua anachofanya. Mnunuzi mwenye haraka ana sehemu yake katika ubichi huo. Lakini fundi anayejua kwamba mti ni mbichi ana neno moja la kusema, na halimgharimu kitu: "Mti huu haujakauka, subirini majuma haya, ama mchukue kwa hatari yenu." Akilisema, amejitoa. Akinyamaza kwa sababu ya kuogopa kupoteza pesa, amenunua hatari hiyo yeye mwenyewe.

Na wavuvi wasijifanye malaika. Kuna ekipe zinazoshona wavu juu ya wavu mpaka unakuwa mara mbili ya ule uliosemwa siku ya komandi. Kuna vijana wanaotumia mti wa kuvulia kusukumia mtumbwi kwenye mawe. Kuna wanaoacha miti juani mchana kutwa, mwaka mzima, halafu wanataka fundi alipe. Na mtumbwi wa kuvulia unaojazwa abiria na magunia siku ya soko, ukipasuka, asiitwe fundi. Watu wa Kituku hawajasahau tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipozama karibu na ufuko, watu wakiiangalia. Mzigo una mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeupakia.

Lakini kuna upande wa tatu ambao hauguswi na mtu, nao ndio mbaya kuliko wote. Ni vifaa vya msaada. Shirika linataka kusaidia familia zilizohamishwa zipate kazi, jambo jema. Linatoa komandi ya mitumbwi, miti na nyavu nyingi kwa mara moja. Komandi inakwenda kwa mfanyabiashara mjini, si kwa fundi. Mfanyabiashara anatafuta fundi wa bei ya chini, na fundi wa bei ya chini anatafuta mti wa bei ya chini. Siku ya kugawa kunakuwa na picha, nguo zenye maandishi, na karatasi ya kutia sahihi au kidole. Karatasi inasema mpokeaji amepokea kitu "katika hali nzuri." Hakuna aliyekijaribu. Hakuna hata aliyekitia majini. Mama anatia kidole kwa sababu nyuma yake kuna wengine mia wanaosubiri, na kwa sababu anaogopa jina lake kufutwa.

Mti ukivunjika, anakwenda kwa nani? Fundi anasema: sikukuuzia wewe. Mfanyabiashara anasema: nimeshakabidhi, nina karatasi yenye kidole chako. Shirika linasema: mradi umefungwa mwezi uliopita, na isitoshe ilikuwa zawadi. Hapo ndipo neno zawadi linapogeuka kuwa mtego. Kwa mama yule ni zawadi, ndiyo. Lakini kwa mfanyabiashara haikuwa zawadi: alilipwa, mpaka dola ya mwisho, na pesa zile zilitolewa kwa jina la familia hizo. Shirika lililolipa ndilo lenye haki ya kumdai, na likikaa kimya limewaachia wakimbizi hasara ambayo si yao. Mashirika yana mwavoka, yana fakture, yana gari. Mama wa site ana kipande cha mti tu. Asiyekuwa na chochote ndiye anayeambiwa aende kudai.

Shirika likitaka, dawa yake si ngumu. Libakize sehemu ya pesa za mfanyabiashara mpaka vifaa vimemaliza msimu mmoja ziwani. Liandike kwenye karatasi ya kupokea, kwa Kiswahili, jina la fundi na la muuzaji na muda ambao mtu anaweza kurudi. Na lijaribu vifaa mbele ya wavuvi kabla ya kupiga picha.

Kujaribu kwenyewe hakuhitaji mhandisi. Wazee wa ufuko wanakujua: mti unafungwa kwenye mtumbwi kama utakavyofungwa kazini, ukingoni, na mifuko ya mchanga inaning'inizwa polepole mpaka ifike uzito wa wavu uliolowa na samaki wake, na zaidi kidogo. Unaachwa hivyo kwa muda. Mti unaolia, unaopasuka kwenye mfuo, usioweza kurudi ukinyoshwa, unabaki kwa fundi. Kazi hiyo inachukua asubuhi moja. Fundi mzuri haogopi, tena anaipenda, kwa sababu inamtofautisha na yule anayeuza karoti.

Na karatasi. Watu wa vikundi vya akiba wana daftari la kila kitu: nani alikopa, nani alichelewa, nani alilipa faini kwa kusinzia kikaoni. Lakini komandi ya pesa zote za mwaka inafanywa kwa mdomo! Nusu ukurasa ungetosha: nani ametoa mti, ni mti gani, umekaa kivulini muda gani, utabeba wavu wa uzito gani, na fundi anajibu kwa usiku ngapi. Mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Fundi asiyejua kusoma asomewe kwa sauti. Usiku ngapi ziwe garanti, hilo wapatane wenyewe. Hata mwezi mmoja ni bora kuliko hewa, kwa maana kasoro ya mti mbichi na mfuo mbaya haikawii kujionyesha. Na tangu siku ya kwanza iandikwe kwamba mti ukivunjika, kipande hakichomwi.

Mafundi wengine wameshaanza kulalamika kwamba garanti itapandisha bei. Itapandisha, kwa sababu mti mkavu ni ghali kuliko mbichi. Lakini wamama wa kikundi kile wamekwisha kulipa bei kubwa kuliko hiyo: wamelipa mti, wavu, taa mbili, dawa ya bega la kijana, na juma tatu bila samaki. Baadhi yao walikuwa wamekopa kwa wenzao ili kutimiza fungu lao, na deni hilo halina kisingizio cha mawimbi. Watoto wawili wa familia moja wamerudishwa kutoka shule kwa sababu ya ada. Hiyo ndiyo garanti iliyopo sasa: anayelipa ni mtoto.

Kuhusu kikundi chenyewe, habari bado haijakwisha. Fundi alikataa mara mbili kuja mbele ya komite ya wavuvi. Mara ya tatu alituma mdogo wake kusema yuko tayari kutoa mti mpya, lakini wavu na taa hajui. Wamama wamekataa kuupokea mti kwanza, kwa kuogopa kwamba wakiupokea itasemwa mambo yameisha. Wanataka asimame, aangalie mfuo alioutoboa juu ya fundo, na aseme mbele ya mafundi wenzake kama yeye angeufunga kwenye ekipe ya mtoto wake. Kikao kimewekwa Jumamosi asubuhi, kwenye kibanda cha mizani ya samaki. Kipande kimening'inizwa hapo tangu juzi, kwa kamba ile ile, na kila anayepita anakigusa.